Mahali Watu Walipokaa Kimya kwa Hiari

Harufu ya pasi ya makaa inapogusa kitambaa cha pamba ambacho bado hakijafuliwa ndiyo harufu ya utoto wangu. Ina moshi kidogo ndani yake, na kitu kama mkate unaokaribia kuungua. Nyumba yetu katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa nchini Malawi, ilikuwa ya matofali ya udongo, chumba kimoja na baraza, na pale barazani ndipo mama alipoweka cherehani yake, akiwa ameelekea njia ya kwenda sokoni. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Dowa inapokuwa kali na vumbi bado limelala, nilijisogeza karibu na pasi ile nikiota moto, huku nikiongea. Niliongea bila kupumzika. Nilimsimulia mama ndoto zangu, masomo ya shule, ugomvi wa majirani, rangi ya mbwa aliyepita. Mama aliitikia "eeh" bila kuinua macho kwenye mshono. Mtaani waliniita Redio. Mwalimu alinihamisha dawati mara nne katika muhula mmoja. Nilipokosa la kusema niliimba, na nilipochoka kuimba nilihesabu vidole vyangu kwa sauti.

Watu walidhani ni tabia tu. Mama alijua si tabia, ingawa hatukuwahi kulizungumza. Nilikuwa na miaka mitano tulipotoka Bukavu, huko Kongo, ambako mama alikuwa karani wa shule, tukashuka Uvira kwa shangazi yangu, na vita vikatukuta hukohuko. Siku mbili tulijificha katika ghala la unga nyuma ya nyumba ya shangazi, mlango umefungwa kwa ndani, kiganja cha mama juu ya mdomo wangu. Nje palikuwa kimya kabisa, na ndani ya kimya kile mlikuwa na watu. Tulijua, kwa sababu mara mojamoja tulisikia buti likikanyaga changarawe. Baba alikuwa ametoka kwenda kututafutia gari, na hatukumwona tena. Tangu hapo, kwangu mimi, kimya kilikuwa na maana moja tu, kwamba wako karibu. Palipokuwa na kelele palikuwa na vyungu, kwaya, watoto, wanawake wanaocheka, na pale ndipo nilipotaka kuishi.

Mwaka nilipotimiza miaka kumi, likizo ikiwa imekaribia, mwanamke mmoja wa Kimalawi alisimama mbele ya baraza letu. Alikuwa amekuja sokoni kutafuta maharage, akaona majoho ya kwaya ya kanisa letu yakining'inia kwenye kamba. Alikuwa mrefu, nywele zimeanza mvi, amevaa viatu vya nesi, na kweli alikuwa nesi aliyestaafu. Jina lake Mayi Phiri. Aligeuza pindo la joho moja, akautazama mshono kwa upande wa ndani, ambako mafundi wengi huficha uvivu wao, kisha akasema anahitaji mito thelathini ya duara, ya kukalia chini, yenye mikunjo kuzunguka pande zote. Mama alikuwa na Chichewa cha sokoni tu, kwa hiyo mimi ndiye niliyetafsiri, na kwa kuwa nilikuwa Redio nilitafsiri hata yale ambayo hakuna aliyeyasema. Mama alielewa kwamba mito ni ya shule ya chekechea. Huenda ni mimi niliyesema hivyo. Tulikubaliana kwamba mama atakwenda kushona hukohuko Lilongwe kwa wiki tatu za likizo, kwa sababu vitambaa na pamba vilikuwa huko, na mimi niende naye kuwa mdomo wake. Akaomba karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, akafunga nguo zetu kwenye kitenge, tukaenda.

Tulifikia Chilinde, kwa Dada Riziki, mwanamke wa Fizi, huko kwetu Kongo, aliyekuwa wa kanisa letu kabla hajahamia mjini kuuza nguo. Chilinde nilipapenda mara moja. Redio tatu zilipiga nyimbo tofauti katika uchochoro mmoja, mafuta ya kukaangia mandasi, maandazi ya Kimalawi, yalitoa moshi mlangoni, na watu waliitana kutoka nyumba hadi nyumba. Asubuhi yake tulitembea hadi upande mwingine wa mji, barabara zikazidi kuwa pana, miti ikazidi kuwa mingi, na watu wakazidi kupungua, hadi tukafika kwenye lango la chuma la rangi ya kijani. Ndani palikuwa na nyumba ya kawaida, bustani ya mboga, na mpera. Viatu vilipangwa mlangoni jozi kwa jozi, kama vya watu waliokwenda kuogelea. Mlango wa sebule ulikuwa wazi, na kutoka pale tuliposimama tuliona sanamu ya mtu aliyekaa akiwa amefumba macho nusu, mbele yake maua na bakuli la maji.

Mama alinishika mkono kwa nguvu. "Nabintu, muulize huyu mama. Hapa njo wapi?"

Nikauliza. Mayi Phiri alishangaa kwamba hatukujua. Akasema ni kituo cha Wabudha, watu wanakuja kutafakari. Neno alilotumia la Chichewa nililijua kwa kazi za shule tu, kama kusema tafakari kisha ujibu, kwa hiyo nilimwambia mama watu wanakuja kufikiri.

"Kufikiri mbele ya sanamu?" Mama alianza kurudi nyuma. "Mi siwezi kuingia mule. Mwambie. Mi niko mutu wa kanisa, ninaongoza kwaya. Turudi kwetu."

Nilitafsiri yote. Mayi Phiri hakukasirika. Alisema taratibu, akingoja nimalize kila kipande, kwamba hakumwita mama asujudu, alimwita ashone mito, na kwamba yeye mwenyewe alilelewa katika kanisa na bado anajua nyimbo zake. Kama mama hataki kuingia ndani, cherehani itatolewa nje. Mama alitazama kitambaa kilichokuwa kimekunjwa barazani, pamba nzito ya rangi ya damu ya mzee, akakipapasa kwa kidole gumba. Nadhani kitambaa ndicho kilichomshawishi. Akakubali kushona barazani, mgongo umeelekea sebule, na akaweka Biblia yake juu ya meza ya cherehani ili kila anayepita aione.

Saa nne asubuhi kengele ilipigwa. Ilikuwa sauti moja nyembamba iliyochukua muda mrefu kuisha. Mpishi aliweka kijiko chini. Mtu wa bustani alisimamisha jembe. Watu kama kumi na wawili, Wamalawi, Wahindi, wazungu wawili, waliingia sebuleni bila neno wakakaa chini. Mama, kwa adabu tu, aliondoa mguu kwenye cherehani. Na ghafla hapakuwa na sauti hata moja. Sijui nilivumilia kwa muda gani, labda dakika mbili. Kwanza masikio yalianza kunivuma, kisha mikono ikawa baridi, kisha nikasikia changarawe. Ni mtu alikuwa anapita nje ya ukuta, lakini mimi nilijua ni nani. Nilifungua mdomo nikaanza kuimba wimbo wa kwaya kwa sauti yangu yote, nikakimbia hadi langoni, nikalipiga kwa viganja, nikiimba na kulia kwa pamoja.

Mama alinifuata mbio. Nyuma yake alikuja mzee mmoja mwembamba aliyenyoa kichwa, amevaa shuka la rangi ya malimao yaliyoiva. Alikuwa mtawa kutoka Sri Lanka. Mama hakujua amwite nani, na kwa kuwa alifanana kidogo na mapadri wazee wa Bukavu, alimwita mompere, na akaendelea kumwita hivyo hadi mwisho. "Pole, mompere, pole sana," mama alisema kwa Kiswahili. "Mutoto iko na woga."

Mtawa hakuelewa maneno, lakini alichuchumaa mbali kidogo nami, akaniuliza kwa Kiingereza chepesi, kile cha shule, nilisikia nini.

"Watu," nikasema.

"Wako wapi?"

Nikaonyesha lango. Mtu mwingine angeniambia hakuna watu. Yeye aliinuka, akafungua komeo, akalisukuma lango hadi likagusa ukuta kwa pande zote mbili. Barabara yote ikaonekana. Palikuwa na mwanamke aliyebeba kuni na kijana wa kabaza, wale wanaobeba abiria kwa baiskeli, akisukuma baiskeli yenye tairi lililotoboka. Mtawa alikaa chini palepale, kwenye udongo, na nguo yake safi. Akasema kesho, kengele ikipigwa, lango litakuwa wazi na mimi nitakaa hapa, mahali ninapoweza kuona njia na kukimbia nikitaka. Akasema nitakuwa na kazi moja tu. Nisikilize kila kitu, kisha mwisho nimwambie nilichosikia.

Nilipenda kazi hiyo kwa sababu ilikuwa na kusema mwishoni. Kesho yake nilikaa kwenye mto wa kwanza aliomaliza mama, mgongo ukutani, macho barabarani. Nilimletea mtawa orodha fupi: kengele ya baiskeli, jogoo, minibasi mbili, mtu anayepiga chafya. Alisikiliza kwa makini kama mtu anayepokea habari za nyumbani. Siku iliyofuata aliuliza kama nilisikia pia vitu vya karibu. Nikagundua sauti ya majani ya mpera yakigusana, na sauti ya tumbo langu, na mama akipumua kupitia puani jinsi anavyopumua akiwa na uzi mdomoni. Kila siku orodha ilirefuka, na katika orodha zote hizo, siku baada ya siku, buti halikuwamo. Kama wiki moja na nusu ilipopita, kengele ya kumaliza ilinishtua. Sikujua kwamba nusu saa imekwisha. Mtawa alipouliza nimesikia nini, nilifikiri, nikamwambia sikumbuki, ilikuwa vizuri tu. Alicheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya shuka lake.

Mama aliona yote hayo kutoka kwenye cherehani. Jioni moja tukirudi Chilinde aliniuliza, "Pale unakaa, unaombaka nani?"

"Siombi mutu, maman. Nasikia tu."

Alinishika mkono tukavuka mto. Kesho yake, kengele ilipopigwa, alivua viatu, akachukua Biblia yake, akaja kukaa kwenye ngazi ya baraza akiielekea barabara kama mimi. Alifumba macho. Nilimchungulia, na kwa mara ya kwanza tangu Uvira niliona mabega ya mama yakishuka. Machozi yalimtoka bila sura yake kukunjamana. Baadaye aliniambia alikuwa akizungumza na Mungu habari za baba, na kwamba huko Dzaleka hakuwahi kupata mahali pa kumaliza mazungumzo hayo.

Siku hiyohiyo Dada Riziki alipitia kituoni kutuletea ufunguo wa nyumba yake. Lango lilikuwa wazi. Aliona viatu vya mama mlangoni, sanamu ndani, na mama ngazini amefumba macho. Alituachia ufunguo kwa mpishi akaondoka bila kutuaga. Tuliporudi Dzaleka, mito thelathini ikiwa imekamilika, habari ilikuwa imetutangulia. Joho la mama la kwaya lilichukuliwa na mwanamke mwingine. Wanawake waliokuwa wakimletea nguo walianza kupita upande wa pili wa njia. Anayesoma haya akiwa nyumbani kwao anaweza kuona ni jambo dogo. Lakini sisi hatukuwa na ukoo pale. Kanisa ndilo lililotupa blanketi tulipofika, lililokesha na mama alipougua malaria, na ndilo ambalo lingemzika mmoja wetu kama angekufa. Mama alishona siku hizo bila kuitikia "eeh", na mimi, kwa mara ya kwanza, sikuwa na hamu ya kuongea.

Mchungaji Bisimwa alituita Jumamosi mchana. Alikuwa mtu wa Bukavu kama sisi, mnene, mwenye sauti ya kutosha kanisa bila kipaza sauti. Benchi zote zilijaa. Mama alisimama mbele na kitenge chake kizuri.

"Mama Nabintu," mchungaji akasema, "uliinamia ile sanamu?"

"Hapana, Baba Mchungaji. Nilikaa chini. Niliomba Mungu wangu, na hakuna mutu aliniuliza ni Mungu gani."

Watu wakanong'ona. Mchungaji akanigeukia. "Nabintu, we njo ulikuwa unatafsiri. Ambia kanisa. Bale bantu bamekufundisha nini?"

Nakumbuka baadhi ya watu walianza kutabasamu, wakijua Redio imefunguliwa. Mimi nilisimama nikatazama sakafu. Nilisikia bati la paa likitanuka kwa jua, mtoto akinyonya, mama akipumua. Sikuharakisha. Kisha nikasema, "Kule Uvira tulijificha mu ghala ya shangazi. Maman alinifunga mdomo na mukono. Toka ile siku, kama kuko kimya, mi najua bale bantu banakuja. Kule Lilongwe nilinyamaza nusu saa. Lango ilikuwa wazi. Hakuna mutu alikuja." Sikuwa na kingine, nikaongeza tu, "Njo hicho bamenifundisha."

 Mle kanisani, kutoka benchi ya mbele hadi mlangoni, hapakuwa na mtu mzima ambaye hakuwahi kujificha mahali fulani. Mama alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono uleule. Hakuwa amejua kwamba nakumbuka. Bibi mmoja wa kwaya alianza kulia kwa sauti ya chini, kisha mwingine, na mchungaji alivua miwani akaipangusa kwa muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji.

"Ile mito imeisha?" aliuliza mwishowe.

"Imeisha, Baba," mama akajibu.

"Basi kazi imeisha. Joho lake mumurudishie." Akasema pia kwamba siku nyingine mtu akipata kazi mahali pageni, amwambie kwanza, asisikie kwa watu. Hakubariki kituo kile wala hakukilaani. Lakini siku chache baadaye, mchana, alikuja barazani kwetu na suruali ya kupunguza kiunoni. Mama alipoingia ndani kutafuta uzi wa rangi yake, mchungaji aliinama kuelekea kwangu, sauti yake kubwa ameikunja iwe ndogo.

"Ile kazi ya kusikia," akasema, "mutu anafanyaka namna gani?"

Nikamwambia akae mahali anapoona njia. Akakaa kwenye ngazi yetu, mikono juu ya magoti. Hakumaliza hata dakika tano, kwa sababu watu walikuwa wakimsalimia, lakini alirudi wiki iliyofuata bila suruali yoyote.

Sasa nina miaka ishirini na minne. Mtawa alirudi kwao zamani. Mayi Phiri bado yupo, anatembea kwa fimbo, na nikipata ruhusa ya kwenda mjini hupitia kukaa naye. Mimi na mama tumebaki Wakristo, na mama bado anaongoza kwaya kwa mkono mkali. Dzaleka imebadilika. Nilipokuwa mdogo kati ya nyumba na nyumba palikuwa na nafasi ya mistari ya mahindi, leo ukuta wa jirani ndio ukuta wako, na chakula cha mgao kimepungua mno. Waliopata bahati wameondoka, pamoja na Mchungaji Bisimwa, na wengi zaidi wamefika. Siwezi kusema maisha ni mepesi kuliko zamani. Ninachoweza kusema ni kwamba mtoto yule aliyepiga lango kwa viganja hangeweza kufanya kazi ninayoifanya leo. Mimi ni mkalimani katika zahanati ya kambini. Nakaa kati ya daktari na wageni waliofika juzi, na nimejifunza kwamba sehemu kubwa ya kazi yangu si kusema.

Wiki iliyopita aliletwa mwanamke kutoka Fizi, mwenye mtoto mgongoni. Daktari, kijana wa Kimalawi mwenye moyo mzuri, alimuuliza anaumwa nini, nami nikatafsiri. Mwanamke alifungua mdomo, akaufunga. Nje foleni ilikuwa imefika hadi kwenye bomba la maji. Daktari aliniangalia nirudie swali, nikamwomba kwa mkono angoje. Tukakaa watatu hivyo, mtoto akivuta pumzi zake ndogo mgongoni mwa mama yake. Mwanamke alitutazama mmoja baada ya mwingine, akaona hakuna anayemharakisha.

"Mi naitwa Mapenzi," akasema. "Sijui nianzie wapi."

"Anzia penye unaweza, mama," nikamwambia. "Tuko na wakati."